Kaburi Hili ni la Idara Gani?

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne na kurudishwa kabla ya chakula cha mchana. Kosa langu lilikuwa kukaa. Wakati huo nilikuwa nauza vyombo vikuukuu sokoni Thika: karai, taa za chemni, pasi za makaa, vitu ambavyo watu walikuwa wanatupa ili wanunue vya plastiki. Watu wa filamu wakaja wakanunua karibu kibanda kizima, wakaniomba nivisindikize hadi shamba la kahawa huko Ruiru walikokuwa wanapiga picha ya hadithi ya masetla, wale wazungu wa mashamba ya zamani. Nilifika nimechoka, nikaona kiti cha ngozi hakina mtu, nikakaa. Kumbe mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea pale mwigizaji alipoinuka, na ulitakiwa ubaki umebonyea vile vile mpaka arudi. Mimi nikaubonyeza kwa kipimo changu, na kipimo changu hata wakati huo hakikuwa kidogo.

Aliyenifukuza tulimwita Mzee wa Propsi. Propsi, kwa nyinyi mnaodhani filamu hutengenezwa na simu, ni kila kitu ambacho mwigizaji anashika: kikombe, bunduki, barua, kiko. Mzee alinigombeza kwa Kikuyu, akanigombeza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza. Baadaye vikombe vyangu vya bati vikakosa mtu wa kuvipanga, akatuma niitwe pale langoni nilipokuwa nimesimama nikilia.

"Sikiza, mama," aliniambia. "Kinachoshikwa mkononi ni chetu. Kinachokaa chini ni cha watu wa mapambo. Kinachomea ni cha watu wa mimea. Kinachochimbwa na kinachopigiliwa misumari ni cha mafundi. Ukigusa cha mwenzako utakula kelele. Ukimwachia mwenzako chako, utakula kelele mara mbili."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na sikuhitaji nyingine mpaka nilipoacha kazi. Mzee alipostaafu mimi nikashika stoo yake, na watu wakaanza kuniita Mama Karanja wa Propsi. Nilijifunza kwamba wiski ya kwenye filamu ni chai ya rangi isiyo na sukari. Nilijifunza kuipaka mikate mafuta ya taa ili ekstra wasiile kabla ya onyesho kuisha. Ekstra ni wale watu wanaojaza picha bila kusema neno: wavunaji, askari, watu wa sokoni. Wanaamka mapema kuliko wote na wanakula mwisho, kwa hivyo usiwalaumu wakiukodolea mkate macho.

Karibu kila filamu niliyoitiwa ilikuwa ya zamani, na karibu kila ya zamani ilikuwa ya mzungu kwenye veranda na Mwafrika amesimama nyuma yake na trei. Kila mwongozaji, yaani yule bosi mkubwa anayeamua kila kitu, alikuja akisema yeye ndiye wa kwanza kuonyesha ukweli wa ubaguzi ule. Wa kwanza, ati. Mimi nilikuwa nawasikiliza huku nikifuta vumbi kwenye ile ile trei. Kisha saa ya kula inafika, na unaona mahema matatu. Hema moja la mwongozaji na nyota wake, lina vitambaa mezani na feni. La pili letu sisi wafanyakazi, lina benchi. La tatu la ekstra halikuwa hema, ni mti wa grevilea. Nikiuliza jambo hilo, naambiwa ni utaratibu wa kazi duniani kote. Sawa, duniani kote. Lakini mtu anayetengeneza filamu ya kulaani mahema matatu hawezi kuona mahema matatu?

Sasa nije kwenye filamu yangu ya mwisho, maana hiyo ndiyo inayonitia hasira mpaka leo nikiwa nachambua mboga.

Ilipigwa Ruiru tena, shamba la kahawa lingine. Hadithi ilikuwa ya setla aliyempiga mfanyakazi wake mpaka akafa, kisha mahakama ikamwachilia. Mwongozaji alitoka ng'ambo, kijana wa watu, mpole, ana machozi karibu. Chini yake alikuwa Meneja wa Uzalishaji, huyu Mkenya mwenzetu, amesoma shule zile ambazo mtoto anarudi nyumbani hawezi kuongea na nyanya yake. Kazi ya meneja ni kuhakikisha watu, magari na chakula viko mahali pake. Siku ya pili akaja stoo kwangu kuomba vikombe vyangu vya bati, ati mpishi amepungukiwa, vitumike kuwapa ekstra chai. Nikamwambia hivyo ndivyo vikombe ambavyo kwenye filamu yule setla anawanywesha vibarua wake, na mama wa jikoni anavitenga ili visiguse vya wazungu. Akasema, "Si wamezoea?" Nilienda sokoni Ruiru nikanunua vya plastiki mwenyewe.

Ekstra wetu walikuwa wafanyakazi wa lile shamba, wengi watu wa magharibi waliokuja zamani kuchuma kahawa wakabaki. Mmoja wao ni Wekesa, mtu wa Bungoma, mkata matawi ya kahawa, shemasi katika kanisa lao dogo la mabati. Mwongozaji alimpenda kwa sababu ya uso wake, akamchagua awe yule mfanyakazi anayeuawa. Wekesa akafurahi kama mtu yeyote angefurahi. Lakini kwenye karatasi ya kila asubuhi inayoonyesha nani anahitajika saa ngapi, wale waigizaji wakubwa waliandikwa majina yao, na yeye akaandikwa Maiti. Basi ikawa ndilo jina. "Maiti yuko wapi? Maiti apakwe vumbi. Maiti amekula?" Nilikuwa nawaambia vijana wale kwamba huyu mtu ana jina lake, na wananijibu, poa Mathe, yaani sawa mama, kisha wanaita Maiti tena.

Onyesho la mazishi lilitaka kaburi. Kwa kawaida mafundi wanachimba shimo la kufika magotini na kamera inadanganya yaliyobaki. Mwongozaji huyu akataka kamera ishuke chini kabisa ituangalie kutoka huko, kwa hivyo kaburi likachimbwa kaburi kweli, futi sita, kuta zimenyooka, udongo mwekundu umelundikwa kando. Waliochimba ni hao hao wafanyakazi. Waliuliza ni nani anayeingia humo. Wakajibiwa kwamba jeneza litashushwa, Wekesa akiwa ndani, kisha litolewe pole pole. Wakanong'onezana sana, lakini wakachimba.

Siku ya onyesho Wekesa akalala ndani ya jeneza, nikamfunika na shuka la maiti nililoshona mwenyewe, wanaume wakambeba hadi ukingoni. Wanawake wakalia vile wanavyolia kwao, mpaka mimi ngozi ikanisisimka. Hapo mwongozaji akasema kata. Akasema ameona uso wa mjane, na uso ule umetosha, jeneza lisishushwe tena. Akampigia kila mtu makofi. Wekesa akaamka, akajipangusa vumbi, na kaburi likabaki pale limefunguka, halina kitu.

Mimi ni Mkikuyu wa Thika. Mambo ya maiti kwetu zamani watu walikuwa wanayakwepa kabisa, sikuyajua sana. Lakini ukikaa na watu wa magharibi unajua hata kama hukuuliza: kaburi likishachimbwa halirudi tupu. Likikosa mwenyewe, unazikwa mgomba badala yake, kisha linafukiwa. Ukiliacha, linamngoja yule lililochimbiwa.

Jioni hiyo Wekesa alipofika kwake kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, mkewe Nafula akamfungia mlango. Si kwa chuki. Nafula ni mwimbaji wa kwaya, mtu wa maombi, na alinieleza yeye mwenyewe kesho yake akiwa ameshika kiuno.

"Mama Karanja, mimi sina ushirikina. Lakini huyu amelazwa, amefunikwa, ameliliwa, na nyumba yake bado iko wazi pale chini ya miti. Akiingia kwangu anaingia na hiyo nyumba. Ilisheni kwanza."

Wekesa akalala kwa rafiki yake. Siku zilizofuata akaanza kutetemeka, homa, hawezi kumeza ugali. Nikampeleka zahanati, wakasema malaria, wakampa dawa. Akazimeza na bado alikuwa amekaa pale kwenye benchi yangu mashavu yameingia, anaangalia upande wa kaburi. Nikamwambia yeye ni shemasi, aache kujitisha. Akanijibu kwa sauti ya chini sana.

"Mama, mimi siamini. Lakini mwili wangu unaamini."

Nikasema basi, hili ni jambo dogo, shimo lifukiwe vile wanavyotaka, mtu aende akalale kwake. Jambo dogo, mimi huyu nikasema. Nikaenda kwa mafundi. Wakasema wao walisimamia kuchimba, na kuchimba kumekwisha. Nikaenda kwa watu wa mapambo. Wakasema udongo ni wa wanaoshughulikia shamba. Wanaoshughulikia shamba wakasema ardhi itarudishwa vile ilivyokuwa filamu ikiisha, ndivyo walivyokubaliana na mwenye shamba. Nilizunguka na kaburi lile kama mtu anayetafuta sahihi ya chifu. Mwisho nikafika kwa meneja, naye akasema mwongozaji anataka libaki wazi, huenda akapiga picha nyingine ya udongo, na wamelifunika na turubai. Akadhani turubai litanituliza.

Wafanyakazi walipoona turubai, wakakaa chini. Hawakupiga kelele, hawakubeba mabango. Walikaa kwenye vibaraza vya laini asubuhi na hakuna aliyekuja kuvaa nguo za filamu. Meneja akanijia mbio.

"Mathe, ongea na hao watu wako. Hizi ni stori za ushago, za kijijini. Na wasituzoee, hao ni ekstra tu, naweza kubeba lori lingine la watu kutoka Mwiki saa hii."

Watu wangu. Mimi Mkikuyu, wao Wabukusu, lakini kwa hesabu ya hema sisi sote tulikuwa watu wamoja, na hapo kwa mara ya kwanza nikamshukuru.

Nilienda laini kuuliza wanataka nini hasa. Na hapo pia nikachoka, maana mzee mmoja alisema mgomba wowote unatosha, mwingine akasema lazima uwe umezaa, wakabishana mpaka chai ikapoa. Nafula akawakatiza. Alisema mgomba utoke pale Wekesa anapoishi na kula, ile migomba ya nyuma ya mlango wake aliyoipanda mwenyewe. Likawa limepita.

Nikarudi nikifikiri yamekwisha. Hapo akatokea dada wa mwendelezo. Yeye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kitu kilichokuwa kwenye picha ya jana kiko kwenye picha ya leo, mkono ule ule, upande ule ule. Akanionyesha kwenye tableti yake. Ile migomba ya nyuma ya laini ilikuwa kwenye picha. Kulikuwa na onyesho la setla na mnyapara wakizungumza mbele yake, limepigwa nusu, nusu nyingine bado. Mgomba mmoja ukikatwa, kwenye filamu utaonekana upo, haupo, upo tena. Hakukosea huyo dada, na sikumlaumu. Nikamwendea mwongozaji.

Alinikaribisha kwenye hema lake la feni. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yamemlegea kwa huruma, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kile cha pole pole kwamba filamu hii yote ni kwa heshima ya watu hawa, kwamba anafanya haya kwa ajili yao, na tafadhali tusishindwe na mgomba mmoja.

"Kama ni mmoja tu," nikamwambia, "si unipe."

Akatabasamu, akasema atalifikiria wikendi. Nje Wekesa alikuwa amelala kwenye benchi yangu ya propsi, mchana kweupe, amejifunika lile shuka lake la maiti kwa sababu ya baridi ya homa. Nilipomwona vile, kitu kikanikatika ndani. Nilikuwa nimewatumikia watu hawa miaka na miaka, nikiwapangia vikombe vya ubaguzi vizuri visionekane vipya, na hawangempa mtu mzima mgomba alioupanda kwa mkono wake.

Nikaenda stoo kuchukua panga. Nilikuwa na mapanga tele, yote ya mpira, ya kupigania kwenye filamu bila kuumizana. Nikaazima la kweli kwa mnyapara wa shamba. Wakati wa chakula cha mchana, mwongozaji akiwa kwenye vitambaa vyake, nilizunguka nyuma ya laini, nikakata ule mgomba wa katikati uliokuwa umeshazaa, ukaanguka ukanimwagia maji yake gauni lote. Nafula akaja, tukauvika lile shuka la maiti. Wanaume wakaubeba mikononi, kama vile walivyombeba Wekesa, na watu wa laini wakafuata nyuma.

Meneja alitukuta njiani. Alikuwa na kijiko bado mkononi. Akauliza ni nani aliyeruhusu, idara gani, kwa amri ya nani.

"Ukiwa unamea ulikuwa wa watu wa mimea," nikamwambia. "Sasa umeshikwa mkononi. Ni wangu."

Ndiyo sheria ya kazi, yeye mwenyewe alikuwa anatusomea. Akabaki anasema nitajuta, nitajuta, na tukampita.

Shemasi mwenzake Wekesa aliomba kwa ufupi. Mgomba ukashushwa na kamba, udongo ukarudi juu yake kwa majembe, na Nafula alilia kilio tofauti kabisa na kile cha siku ya kamera. Hakikuwa kirefu. Alilia kama mtu anayelipa kitu akamaliza. Wekesa alisimama kando yangu, nikahisi mkono wake umeacha kutetemeka, au pengine ni mimi nilikuwa natamani uache.

Mwongozaji alikuwa amefika bila sisi kumwona. Alikuwa analia, kweli analia, mashavu yamelowa. Kisha akapangusa uso, akatazama jua, akauliza kwa upole kama wangeweza kurudia kutoka upande ule mwingine, mwanga ulikuwa mzuri zaidi.

Watu walichukua majembe yao wakaenda.

Jioni Nafula alifungua mlango. Wekesa alikula ugali na mrenda, akalala kwake, na baada ya siku chache akawa juu ya ngazi anakata matawi. Dawa za malaria zilifanya kazi yake, sikatai. Wafanyakazi walirudi mbele ya kamera kesho yake. Nusu iliyobaki ya lile onyesho la migomba ikapigwa hivyo hivyo na pengo lake. Mimi sikuitwa tena baada ya wiki hiyo. Hakuna aliyenifukuza kama Mzee wa Propsi alivyonifukuza, kwa lugha tatu na kwa haki. Simu tu iliacha kulia, na nikasikia kwamba huko Nairobi wanasema Mama Karanja siku hizi ni mgumu kufanya kazi naye. Hakukuwa na keki wala hotuba. Nilijua nimestaafu siku nilipouza taa zangu za chemni kwa hoteli moja ya Thika inayopenda kuonekana ya zamani.

Njoki, mjukuu wa dada yangu, anayeniita Cucu, yaani nyanya, anasoma Juja. Ndiye aliyeniletea filamu hiyo ilipotoka, na kabla sijaitazama akanionyesha kwanza vichekesho ambavyo vijana wameweka kwenye mtandao. Wamekata pale setla anapozungumza na mnyapara. Mgomba upo, mgomba haupo, mgomba upo. Wameweka na muziki wa kuchekesha.

"Cucu, wanasema mtu wa props alikuwa amelala job," akaniambia huku anacheka, maana hakujua.

Nilikasirika, kisha nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, na akaacha kucheka. Kwa nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii, sina ushauri wa kamera, kamera zenu sizielewi. Jueni tu mipaka ya idara, kwa sababu siku moja mtu ataleta shida yake mlangoni kwenu akiwa amepitia milango yote mingine, na itabidi mjue ni chenu au si chenu. Na msiwaite watu Maiti. Filamu ilipoisha majina yakapita, na Wekesa yuko hapo karibu na mwisho, baada ya wapishi na madereva. Wamemwandika hivyo hivyo.

Krismasi iliyopita yeye na Nafula walinitembelea Thika. Waliniletea mkungu wa ndizi, na Wekesa akasema ni wa lile shina lile lile, lilichipua upya pale nilipokata. Nikamuuliza kama ameitazama ile filamu. Akasema waliitazama kwa jirani, mwanzo tu. Walipofika pale setla anapochukua kiboko, Nafula aliinuka akazima televisheni ya watu, akamwambia twende nyumbani ukale.